Nalipwa kujifanya mpangaji, sasa nimetumwa ofisini kwa rafiki yangu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, niko hapa Marekani na mume wangu na watoto wetu wawili. Kazi inayotulisha ni kutunza wazee, zamu za usiku. Mwaka jana dada mmoja ninayesali naye aliniunganisha na shirika linalopambana na ubaguzi wa nyumba, nikapewa mafunzo, nikaanza kazi ya pembeni ya utesta.

Kwa wasioijua, mratibu ananipigia simu na kunipa wasifu. Leo wewe ni karani wa hospitali, mumeo fundi umeme, kipato chenu ni hiki, mnatafuta vyumba viwili vya kulala kuanzia mwezi ujao. Naingia ofisi ya kupangisha kama mteja yeyote, nauliza, naonyeshwa nyumba, naaga, nikifika kwenye gari naanza kuandika. Mtu mwingine nisiyemfahamu, nadhani mara nyingi mzungu, naye anapita pale pale kwa wakati wake akiwa na wasifu unaofanana na wangu. Halafu shirika linalinganisha tulivyopokelewa. Kila safari nalipwa posho. Si kubwa, lakini inasaidia mafuta ya gari na ada ya timu ya mpira ya kijana wangu.

Sasa nikueleze yanayoninyima usingizi. Mume wangu ni mzee wa kanisa na tangu mwanzo hakuipenda kazi hii. Anasema nalipwa kusema uongo. "Jumapili unakaa kiti cha mbele, Jumanne unamwambia mtu wewe ni karani wa hospitali." Isitoshe ombi lake la uraia halijajibiwa, na anaamini siku nikiitwa mahakamani tutakaoanza kuchunguzwa ni sisi. Mimi nina kadi ya kijani na sina kosa lolote, ila maneno yake yananiingia.

Halafu kuna moyo wangu mwenyewe. Miezi michache iliyopita nilitumwa kwa meneja mmoja, mama wa kizungu wa makamo. Sijawahi kupokelewa vizuri vile na mtu nisiyemjua tangu nifike nchi hii. Alinimiminia kahawa, akauliza habari za kwetu, akanisimulia kwamba binti yake ana hamu ya kwenda Serengeti. Nyumba aliyoitaja pale ilikuwa moja tu, akasema zilizobaki ziko kwenye jengo lao jingine upande wa pili wa mji: "Utawakuta wenzako wengi kule, utajisikia nyumbani." Nikamshukuru. Nilipokuwa naandika ripoti nikajiona msaliti, nikamalizia kwa kuandika kwamba mama yule si mbaguzi. Mratibu akaniambia kwa upole kuwa maoni yangu hayahitajiki.

Na lafudhi je? Kiingereza changu kina Tanga ndani yake. Kuna ofisi ninazoacha ujumbe kwenye simu na hawanipigii kamwe, nami najiuliza kama naharibu kazi kwa matamshi. Nijizoeze kuongea kama wao?

Kubwa kuliko yote ni hili. Jumamosi hii nimepangiwa jengo ambalo ofisini kwake anafanya kazi dada yetu mmoja wa umoja wa Watanzania. Huyu ndiye aliyetupokea tulipofika. Tulilala sebuleni kwake mpaka tulipopata pa kwetu, na mwanangu wa pili yeye ndiye mama yake wa ubatizo. Na kwenye sherehe moja, tukiwa jikoni tunakatakata vitunguu, aliwahi kulalamika kwamba bosi wao amewaagiza wenye watoto wadogo waonyeshwe nyumba za chini tu, zile za nyuma karibu na mapipa ya taka, hata kama za juu ziko wazi. Na akija mtu mwenye watoto zaidi ya wawili aambiwe pamejaa. Akasema, "Nami nifanye nini, nina nyumba ya kulipia mkopo." Tukacheka wote, mazungumzo yakahama.

Nikimtonya nimelisaliti shirika. Nikinyamaza nimemchongea aliyenipa godoro la kulalia. Mratibu sijamwambia kitu. Nifanyeje, Mama?

Mwanao, mpangaji wa bandia


Marahaba mwanangu,

Jina la mji, la jengo na mambo mengine mawili matatu nimeyaondoa kwenye barua yako kabla haijasomwa na watu. Ulikuwa umeandika ya kutosha kwa Mtanzania yeyote wa hapo kujua unamzungumzia nani, na sisi na makundi yetu ya WhatsApp tunajuana.

Naanza na Jumamosi kwa sababu ndiyo yenye haraka. Usiende. Na usimtonye. Mpigie mratibu leo, umwambie: "Pale namjua mfanyakazi mmoja, ni mtu wangu wa karibu, siwezi kwenda." Hutaulizwa kwa ukali. Waratibu wanaisikia kauli hiyo mara kwa mara, na wangependa kuisikia leo kuliko kuigundua baadaye. Mashirika yanayopokea ruzuku ya HUD, yaani wizara ya nyumba ya Marekani, kwa kazi hii yana kanuni za nani asitumwe: mwenye maslahi ya fedha katika matokeo, ndugu wa mhusika yeyote, aliyefanya kazi au kushirikiana hivi karibuni na anayepimwa, mshindani wake wa biashara. Pengine sheria haimhesabu mama wa ubatizo kuwa ndugu. Wakili wa mwenye jengo atamhesabu, tena kwa sauti kubwa mbele ya jaji, na jaribio zima litaingia dosari. Sijui hata ulifikiria vipi kuingia. Si atakuona mlangoni akuite kwa jina la mwanao, na ukarani wa hospitali ukaishia hapo hapo?

Kumtonya unakuona kama fadhila kwake. Hebu ufuate mpaka mwisho. Atamwambia bosi, au hatamwambia ila mwenyewe ataonyesha nyumba zote vizuri kwa wiki mbili. Ripoti itatoka safi. Yule bosi atakuwa na karatasi ya kumtetea, na mama mwenye watoto watatu atakayeingia mwezi ujao ataambiwa pamejaa kama kawaida. Jaribio lililovuja ni baya kuliko kutofanya jaribio lolote.

Sasa maneno ya jikoni. Sheria ya Makazi ya Haki ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Mwanzoni ilikataza kubagua kwa rangi, dini na nchi mtu anakotoka. Jinsia iliongezwa 1974, ulemavu na familia zenye watoto 1988. Kwa hiyo agizo la bosi yule limevunja sheria ya miaka mingi, labda kama jengo limetengwa kisheria kwa ajili ya wazee, na kwa maelezo yako sivyo. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuweka kikomo cha kuridhisha cha watu wangapi waishi katika nyumba ya ukubwa fulani. Haruhusiwi kuwahesabu watoto peke yao, wala kuwapangia wazazi ghorofa ya kukaa.

Na rafiki yako hayuko salama kama anavyodhani. "Niliagizwa" haimwokoi mtu. Aliyetamka "pamejaa" mbele ya mteja anaweza kushtakiwa pamoja na aliyemtuma. Lakini kanuni za sheria hiyo hiyo zinasema ni kosa kumfukuza au kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu amekataa kushiriki ubaguzi wa nyumba. Mlango anao, pengine hajaambiwa kwamba upo. Angetoka kupitia mlango huo kabla hajasukumwa, angetoka akiwa shahidi badala ya mshtakiwa.

Je, umwambie wewe? Si sasa. Ukianza leo kumweleza haki za wafanyakazi wa ofisi za kupangisha, bila sababu, siku chache kabla ya jaribio, umemtonya kwa kuzunguka tu. Mimi ningefanya hivi: nikishamwambia mratibu kwamba namjua mtu pale, ningemuuliza, "Mfanyakazi aliyeagizwa kubagua akitaka kusema, mnamlindaje?" Ndiyo, mratibu atajumlisha moja na moja. Acha ajumlishe. Yeye ndiye atakayejua ni lini unaweza kuongea na rafiki yako bila kuharibu kitu, na akuelekeze kwa wakili wao. Ukifika wakati huo, mwambie mwenyewe, uso kwa uso, nyumbani kwake. Atakasirika. Huenda mkakaa muda bila kusalimiana. Mtu aliyekupa godoro unamdai ukweli zaidi kuliko mwingine, naye anakudai wewe, lakini watoto wa watu wanaolazwa karibu na mapipa ya taka hawakuwa jikoni mlipokuwa mnacheka.

Nasema hivyo bila kukulaumu. Jikoni kila mtu hucheka.

Twende kwa mama wa kahawa, maana hapo ndipo kazi yako yenyewe ilipo. Umeandika kwamba si mbaguzi. Umejuaje? Ulikuwa umekaa upande mmoja wa mizani, na upande mmoja hausemi uzito wa kitu. Mwenzako alipokwenda aliambiwa nyumba ngapi? Kama naye aliambiwa moja, na naye akaelekezwa jengo la upande wa pili, basi mama yule ni mkarimu kweli, na hakuna atakayemsumbua. Ripoti yako ndiyo itakuwa imemsafisha. Kama mwenzako alionyeshwa nne, zote pale pale, na mwezi wa kwanza akapewa bure, kahawa yako ilikuwa ya kukusindikiza.

Miaka hii ubaguzi wa nyumba nchini humo mara nyingi huja na kiti, tabasamu na kadi ya biashara. Ndiyo maana wanatumwa wawili. HUD walifanya uchunguzi mkubwa mwaka 2012, majaribio zaidi ya 8,000 katika maeneo ya miji 28. Mara nyingi mteja mweusi alipewa miadi na kusikilizwa sawa na mwenzake. Tofauti ilikuwa katika hesabu: wapangaji weusi waliambiwa habari za nyumba pungufu kwa takriban asilimia 11 kuliko wazungu wenye sifa zile zile. Peke yako huwezi kuiona asilimia hiyo. Huwezi kujua kuhusu nyumba ambayo hukutajiwa. Na gazeti la Newsday la Long Island, New York, lilichapisha mwaka 2019 uchunguzi wake wa miaka mitatu, matesta 25 wenye kamera za siri mbele ya madalali 93. Katika majaribio ya watu weusi, asilimia 49 yalionyesha kutendewa tofauti. Kwa Walatino ilikuwa 39, kwa Waasia 19.

Sasa rudia ile sentensi uliyoishukuru: "Utawakuta wenzako wengi kule." Kumwelekeza mteja jengo au mtaa kwa sababu ya rangi au asili yake ni mojawapo ya makosa ya zamani kabisa katika biashara hii, na maneno yanayotumika ni hayo hayo ya upole. Kiangazi cha 1966 vuguvugu la King mjini Chicago lilikuwa likituma jozi za weusi na weupe kwenye ofisi za madalali kuthibitisha jambo hilo. Na kesi iliyowapa matesta nguvu mahakamani ilihusu kampuni yenye majengo mawili jirani katika kaunti ya Henrico, Virginia. Kwa mujibu wa madai, weusi walikuwa wakiambiwa kwamba jengo moja halina nafasi na kuelekezwa lile jingine. Mwaka 1978 shirika la hapo lilimtuma Sylvia Coleman, mweusi, na R. Kent Willis, mzungu. Coleman aliuliza zaidi ya mara moja, kila mara akaambiwa hakuna. Willis akaambiwa zipo. Unaona kwamba Coleman peke yake angerudi na habari ya kawaida kabisa, kwamba nyumba zimejaa? Hakuna anayeshtaki kwa hilo.

Kwa hiyo mratibu wako alikuwa sahihi, na ni sahihi pia siku utakayotoka umenuna. Usiandike "alinidharau". Andika: "Saa 4:10 asubuhi alisema hakuna ya vyumba viwili mpaka Septemba. Hakuniuliza kipato. Hakuinuka kwenye kiti. Hakunipa fomu." Usiandike "alinipenda". Andika kahawa, andika Serengeti, andika "wenzako wengi" neno kwa neno kwa Kiingereza alichokisema, andika kodi aliyotaja, amana, ada ya maombi, ofa, na kama alikupigia baadaye. Andika kabla hujala na kabla hujampigia mumeo. Na hiyo saa 4:10 yangu kwenye ripoti iandike 10:10, saa yao. Unacheka, lakini mtu anayeishi akihesabu saa kwa Kiswahili kichwani anaweza kuandika nne akimaanisha kumi, na wakili mmoja mkorofi akamuuliza mahakamani alikuwa wapi alfajiri ile.

Lafudhi yako iache ilivyo. Nchi mtu anakotoka imo kwenye sheria tangu 1968, na kwenye simu rangi haionekani, inasikika tu. John Baugh, mwanaisimu mweusi wa Marekani, alipokuwa akitafuta nyumba Palo Alto, California, alikuwa akipokelewa vizuri kwenye simu kwa Kiingereza chake cha kisomi, akifika na kuonekana anaambiwa kuna kasoro au imeshachukuliwa. Akaanza utafiti. Yeye mwenyewe aliwapigia wenye nyumba kwa lafudhi tatu, ya Wamarekani weusi, ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko na ya wazungu, akihesabu anapewa miadi mara ngapi. Matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 1999 yalionyesha kuwa katika mitaa ya wazungu lafudhi mbili za kwanza zilipata miadi mara chache zaidi. Basi ujumbe wako usiojibiwa ni matokeo, mradi uandike ulipiga saa ngapi na ulisema nini. Ukijifunza kuongea kama mtangazaji wa redio yao, shirika litakuwa limempoteza testa liliyemhitaji.

Kuhusu mumeo, sitamdharau. Ana haki ya kuuliza, kwa sababu kusema wewe ni karani wa hospitali wakati unatunza wazee si kweli, tusizunguke. Mahakama Kuu ya Marekani ililitazama jambo hilo katika ile kesi ya Henrico, ikaamua mwaka 1982, majaji wote kwa sauti moja. Sheria inampa "mtu yeyote" haki ya kutodanganywa kuhusu nyumba kwa sababu ya rangi yake, wakasema, na Coleman alidanganywa, hata kama hakuwa na nia ya kupanga. Willis, aliyeambiwa ukweli, hakuwa na la kudai kwa msingi huo. Mpe mumeo hilo alitafakari, ni mtu wa Maandiko, atapenda namna walivyolipima.

Lakini amani ya nyumba haiji kwa hukumu ya mahakama. Mimi ningemwonyesha mipaka ya kazi yenyewe. Testa hajazi ombi la kupanga kwa habari za uongo, hasaini mkataba, halipi amana akamzuilia mwenye shida halisi nyumba yake. Ukisukumiwa fomu, unasema utaenda nayo nyumbani ukasome. Namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mwingine haitamkwi, na yako hutoi. Hapo ukivuka umeingia kwenye udanganyifu wa kweli, wa kushtakiwa, na shirika lolote likikuagiza uvuke achana nalo siku hiyo hiyo. Kuna na suala la kinasa sauti: majimbo mengine yanataka kila anayerekodiwa akubali, mengine yanatosheka na mmoja. Ukipewa kifaa, muulize mratibu jimbo lenu liko kundi gani, na akujibu kwa maandishi. Posho nayo haiongezeki ukileta ubaguzi wala haipungui usipouleta. Anachopoteza dalali mwadilifu ni nusu saa ya mchana wake.

Kama baada ya yote hayo mumeo bado hawezi kuikubali, au dhamiri yako yenyewe inagoma, usijilazimishe. Mashirika haya yanahitaji pia watu wa kuwapokea walalamikaji na kuwatafsiria. Wakongo na Warundi wanaoongea Kiswahili ni wengi nchini humo, na wengi wao hawajui kwamba malalamiko yanapelekwa HUD bila malipo ndani ya mwaka mmoja, au mahakamani ndani ya miaka miwili. Kazi hiyo haina wasifu wa bandia.

Hofu ya mahakamani niipunguze. Unaweza kuitwa kweli, pengine muda mrefu baada ya safari yenyewe, ukaulizwa maswali chini ya kiapo. Ndiyo maana kwa miaka mingi kanuni za HUD zilikataza kumtumia testa aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, udanganyifu au uongo wa kiapo, na ndiyo maana naling'ang'ania lile la saa. Kesi hizi kwa kawaida ni za madai, nawe unakwenda kueleza ulichoona. Kuwa shahidi si doa katika faili la uraia la mumeo. Kama faili lake lina jambo jingine linalomtisha, mambo hayo yana mawakili wake wa uhamiaji, na aulize huko, si kwa wazee wa kanisa wenzake.

Kitu kimoja ambacho hukuniuliza kinaweza kuligusa ombi lake, nacho ni posho. Ni kipato, hata ikiwa dola chache, na kama mnawasilisha kodi pamoja jina lake liko kwenye fomu hiyo. Maofisa wa uraia huangalia kodi. Tafuta barua za malipo za mwaka jana, jumlisha, mpelekee anayewaandikia kodi akague kama zilihesabiwa. Ufanye hivyo ukishamaliza kumpigia mratibu.